Makauboi wakosa ukumbi

Kumbi za sinema zilizolea vizazi vya wapenzi wa filamu katikati ya Nairobi zimegeuka makanisa, vibanda na majina ya steji. Waliozipenda bado wapo, na wanataka pa kukaa.

Jumamosi, saa tano unusu asubuhi, kando ya soko la Kangemi. Fundi wa viatu ameegemeza simu yake kwenye mkebe wa rangi nyeusi, sindano na uzi mkononi, kiatu cha mteja katikati ya magoti. Ndani ya simu, Gary Cooper anatembea peke yake kwenye barabara ya vumbi. Kila mlango anaobisha hauna mtu wa kumsaidia. Saa ya ukutani inasonga. Garimoshi linalomleta adui yake litafika saa sita kamili.

Lori linapiga breki Waiyaki Way na sauti ya Cooper inapotea. Mzee anainamisha sikio. Kabla hajaipata tena, ujumbe unashuka kutoka juu ya skrini kumwarifu kwamba bando lake limekaribia kuisha, nao unafunika uso mzima wa Cooper, kofia na yote. Anaufuta kwa kidole chenye rangi ya viatu. Pale alipogusa pamebaki doa jeusi juu ya mji wa Hadleyville.

Filamu hiyo ni High Noon ya mwaka 1952, kazi ya mwongozaji Fred Zinnemann. Mzee, aliyeomba jina lake lisichapishwe, aliiona mara ya kwanza katika ukumbi wa Odeon, barabara ya Latema, miaka ya 60 ikielekea ukingoni. Kiingereza chake wakati huo, anasema, kilikuwa cha kuombea maji. Hadithi aliifuata kwa macho: nani anamkwepa nani, nani anashindwa kumtazama mwenzake usoni. Ukumbi mzima, anakumbuka, ulikuwa ukiwatukana wale majirani waliojifungia majumbani na kumwacha mtu mmoja akabiliane na wauaji wanne. Filamu ilipoisha, yeye na wenzake walirudi Kangemi kwa miguu kupitia Westlands, wakibishana njia nzima kama wangekuwa wao wangetoka au wangejificha.

Leo filamu anayo mfukoni, anaitazama akitaka. Anachokikosa ni ule ukumbi, na wale wa kubishana nao.

Majina yaliyobaki kwa makanga

Nairobi ilianza kutazama filamu ikiwa bado mji mchanga. Mwaka 1912 Theatre Royal ilijengwa katika barabara iliyoitwa Sixth Avenue, ikaja kuitwa Delamere Avenue, na sasa ni Kenyatta Avenue. Baadaye jumba hilo likawa sinema ya Cameo. Miaka iliyofuata zikaongezeka nyingine: 20th Century katika barabara ambayo leo ni Mama Ngina, Kenya Cinema kwenye Moi Avenue, Embassy na Odeon upande wa Latema, Globe kule mzunguko unapoteremka kwenda Ngara, Shan na Liberty kwa wapenzi wa filamu za Kihindi. Waliokuwa na magari walikuwa na Belle-Vue barabara ya Mombasa na Fox barabara ya Thika, ambako filamu ilitazamwa kupitia kioo cha mbele cha gari.

Kila ukumbi ulikuwa na tabaka lake. Wazee wa upande huu wa magharibi, kuanzia Kangemi hadi Dagoretti, watakueleza kwamba 20th Century na Kenya Cinema mtu alikwenda amevaa suti, kiatu kimeng'arishwa, na kama ana mchumba, hapo ndipo alipompeleka. Odeon na Cameo zilikuwa za kijana mwenye shilingi chache. Lakini kote, kabla ya filamu kuanza, wimbo wa taifa ulipigwa na ukumbi mzima ukasimama. Tajiri wa Lavington na mpishi wake, ikiwa walikuwa ukumbi mmoja jioni hiyo, walisimama pamoja na kuketi pamoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chini ya ukoloni, Mwafrika wa Nairobi hakuruhusiwa kukaa popote alipotaka wala kutazama chochote alichotaka. Wakaguzi wa serikali waliamua filamu ipi inafaa kuonwa na Waafrika na ipi haifai, na bastola za makauboi ziliwatia wasiwasi: waliogopa mtazamaji mweusi angejifunza kumlenga mzungu. Wengi waliona filamu kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama uwanjani mbele ya gari la sinema la serikali, wakifundishwa usafi na kilimo bora. Kwa hiyo kijana wa miaka ya 60 aliyekata tiketi Odeon na kuketi alipotaka alikuwa akifanya jambo ambalo baba yake alinyimwa.

> Odeon, Globe, Bellevue, Drive-In: kumbi zimekwenda, steji zimebaki na majina yake.

Pigo la kwanza lilikuja na kanda za video miaka ya 80. Familia ya Kileleshwa iliweza kukodi filamu tatu za wikendi na kuzitazama sebuleni. Kule Kawangware na Kangemi, mtu mmoja mwenye televisheni, deki na chumba cha mabati alifungua kibanda cha video na kutoza nauli ya kwenda mjini, au chini yake. Miaka ya 90 katikati ya jiji pakawa pa kuogopwa baada ya jua kutua, na onyesho la saa tatu usiku likakosa watu. Zikafuata sidii na DVD za magendo zilizouzwa kando ya barabara, mlangoni pa kumbi zenyewe. Wenye majumba wakatafuta wapangaji wengine, na waliokuwa tayari kulipia ukumbi mkubwa wenye viti vilivyopangwa na jukwaa mbele walikuwa wahubiri.

Makanisa hayafai kulaumiwa kwa hili. Yalichukua majumba yaliyokuwa yakielekea kuvunjwa au kukatwakatwa kuwa vibanda vya nguo, yakayalipia na kuyatunza. Shan ya Ngara nayo iliangukia mikono mizuri: leo ni Sarakasi Dome, ambako vijana wanafunzwa sarakasi na dansi. Hata hivyo, ukiangalia ramani ya jiji utaona kilichotokea. Skrini zilihama kutoka barabara ya kila mtu zikaingia ndani ya majumba ya kibiashara: Sarit na Westgate kule Westlands, Prestige na Junction kwenye Ngong Road. Zilisogea karibu na magharibi ya jiji, lakini zikasogea mbali na fundi wa viatu. Anapita mbele ya Sarit kila akienda mjini, na hajawahi kupanda ngazi zake kwa ajili ya filamu, kwa sababu tiketi ni mapato ya siku na filamu yenyewe ina mashujaa wanaoruka angani asiowajua.

Tuliwashangilia kina nani?

Kuna Wakenya wasiosikitika kabisa kwamba kauboi amekosa ukumbi, na hoja yao ni nzito.

Mwaka 1965, katika mdahalo uliofanyika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwandishi Mmarekani mweusi James Baldwin alieleza mshtuko wa mtoto mweusi ambaye amemshangilia Gary Cooper akiwaua Wahindi Wekundu, halafu siku moja akagundua kwamba wale Wahindi Wekundu ni yeye. Alikuwa akizungumzia Marekani. Lakini mahali ambapo maneno hayo yangeuma zaidi kuliko Nairobi ni pachache. Mzungu amefika, ametwaa nchi, amezungushia ua, na mwenye nchi anapokuja na mshale anaitwa mshenzi. Mkazi wa Kiambu hakuhitaji kupelekwa Arizona kuelewa hadithi hiyo.

Tena Hollywood yenyewe ilikuja hapa hapa. Grace Kelly, bibi harusi wa Cooper katika High Noon, alifika Kenya mwaka ule ule wa 1952 kuigiza katika Mogambo pamoja na Clark Gable na Ava Gardner. Mwongozaji alikuwa John Ford, mtu aliyemfanya John Wayne kuwa nyota kupitia Stagecoach ya mwaka 1939 na ambaye hakuna aliyetengeneza filamu za kauboi kumshinda. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Watu walikuwa wakikamatwa usiku Nairobi na Kiambu, na kamera za Ford zilikuwa zikitafuta sokwe na simba. Mogambo haina neno hata moja kuhusu hayo.

Mwaka 1957 ikaja Something of Value, ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya, Rock Hudson akiwa mwana wa setla na Sidney Poitier akiwa Kimani, rafiki yake wa utotoni anayeingia Mau Mau. Ukiitazama leo utaona umbo la filamu ya kauboi lilivyofinyangwa upya: nyumba ya shamba, familia ndani, bunduki dirishani, na gizani wenye nchi wanaotambaa. Inajitahidi kuwa ya haki kuliko nyingine za wakati wake, na Poitier anaibeba. Lakini kamera imesimama ndani ya nyumba.

Nilimweleza mzee wa Kangemi hoja hii. Alikwishaifikiria, na kabla yangu. Utotoni, alisema, alimshangilia kauboi kwa sababu ndiye aliyekuwa na farasi mzuri. Alipopata watoto wake mwenyewe akaanza kuwatazama wale wanaoanguka kutoka kwenye farasi bila hata kupewa jina. Tangu hapo anazitazama kwa macho mawili, jicho moja likifurahi na lingine likihesabu maiti. Akaongeza kwamba ndiyo maana anazitaka ukumbini: mtoto akitazama peke yake kwenye simu, nani atamwambia?

Mimi naona ana haki. Filamu hizi zikifungiwa kabatini hazibadiliki, na watu wanabaki na kumbukumbu tamu tu. Zinapoonyeshwa mbele ya watu mia mbili, mtu mmoja huguna, mwingine humjibu, na hapo filamu inaanza kusomwa. Tena kauboi hakubaki mali ya Hollywood. Mwitaliano Sergio Leone alikwenda kupiga A Fistful of Dollars ya mwaka 1964 kwenye majangwa ya Almería nchini Uhispania, akichota hadithi yake kutoka kwa Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa. Mwaka 1972 Poitier mwenyewe alikaa nyuma ya kamera na kutengeneza Buck and the Preacher, ambamo wanaosafiri kwenda magharibi ni watu weusi waliotoka utumwani, na Wahindi Wekundu wanawaokoa. Na mwaka 1975 Ramesh Sippy akatoa Sholay, yenye farasi, majambazi, garimoshi linaloshambuliwa na kijiji kinachohitaji wanaume wawili wasioogopa. Kwa Wakenya wengi wa umri fulani, weusi kwa Wahindi, Gabbar Singh ndiye adui mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana kwenye skrini.

Hesabu za mwenye ukumbi

Upande wa pili ni biashara, na hapa hakuna mengi ya kubisha. Skrini moja katika jumba la kibiashara inalipiwa kodi, umeme na mishahara iwe imejaa au haina mtu. Filamu mpya inakuja na matangazo yaliyokwisha kulipiwa duniani kote. Ya zamani haina. Na haki zake hazikwisha kwa sababu filamu ni ya zamani: anayetaka kuionyesha hadharani lazima apate leseni kutoka kwa mwenye haki au wakala wake, kisha apate nakala ya kidijitali inayokubaliwa na mitambo ya sasa. Ile mitambo ya zamani iliyozungusha mikanda ya milimita 35 imepitwa na wakati. Zaidi ya hayo, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai kila filamu inayoonyeshwa kwa umma ipitiwe na Bodi ya Kuainisha Filamu, hata kama Gary Cooper alikwisha kufariki kabla ya nchi hii kupata uhuru.

Wanaojaribu wapo. Alliance Française na Goethe-Institut, zote katikati ya jiji, zimekuwa kwa miaka mingi mahali ambapo mtu anaweza kubahatisha filamu ambayo haiko sokoni. Unseen ilipofunguliwa Kilimani, barabara ya Wood Avenue, ilionyesha kwamba ukumbi mdogo unaweza kuzipa nafasi filamu ambazo majumba makubwa hayazigusi. Hongera zao. Lakini wanaofika huko wengi ni vijana wenye kazi za ofisini na marafiki wa ubalozi huu au ule. Mzee wa Kangemi hajui kama kumbi hizo zipo, wala hakuna anayeweka mabango yake kwenye steji ya matatu namba 23.

Na vibanda je?

Vibanda vya mabati bado vipo, ingawa siku hizi mpira wa Uingereza ndio unaoviletea watu. Nje kuna ubao mweusi wenye chaki: mechi juu, filamu chini. Ndani kuna mabenchi, pazia zito mlangoni, joto la miili, na mara nyingi sauti ya DJ Afro ikiwatafsiria watu filamu kwa Kiswahili na Sheng, akiongeza utani, akimpa adui majina ya mtaani, akimwonya staring kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Uganda wana maVJ wao, na Tanzania walikuwa na Lufufu. Wasomi wa filamu huwadharau. Mimi nasema hao ndio waliohifadhi kile ambacho kumbi kubwa zilipoteza, yaani watazamaji wanaojibu skrini. Mtu anayetaka kurudisha filamu za kale Nairobi na asimkaribishe mtu wa aina hiyo akae jukwaani na maikrofoni angalau mara moja kwa mwezi, atakuwa hajaujua mji huu.

> Filamu zetu wenyewe hazionekani, sawasawa na za John Wayne.

Watengenezaji wa filamu wa hapa wana lao, nalo ndilo nililolisikiliza kwa makini zaidi. Kwa nini tutafute ukumbi kwa ajili ya mizimu ya Hollywood wakati filamu ya Kenya inaonyeshwa siku chache na kuondolewa? Swali ni halali. Lakini jiulize ni wapi utatazama Kolormask ya Sao Gamba, ya mwaka 1986, mojawapo ya filamu ndefu za kwanza za Wakenya wenyewe. Jiulize ni wapi utakwenda Jumapili hii kumwona Saikati, msichana wa Kimaasai wa filamu ya Anne Mungai ya mwaka 1992, akikimbia ndoa ya kulazimishwa na kuingia Nairobi asiyoijua. Filamu hizi nazo ni za kale. Ukumbi utakaokubali kuonyesha High Noon bila kutegemea matangazo mapya ndio huo huo utakaokubali kuonyesha Saikati. Pande hizi mbili zinagombania kiti kimoja, na zingekiomba pamoja zingekipata haraka zaidi.

Wala tusiambiwe kwamba Wanairobi hawatoki tena. Septemba 2018, mahakama ilipoondoa kwa siku saba marufuku dhidi ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, watu walijaa Prestige Plaza kwenye Ngong Road. Waliosema Mkenya ameshazoea kutazama nyumbani walikosa jibu wiki hiyo. Watu walitaka kuiona pamoja, mbele ya macho ya wenzao, na walitaka kuzungumza wakitoka.

Na mapenzi ya kauboi? Mwendo mfupi kutoka hapo Prestige, kwenye barabara hiyo hiyo, uko uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Julai 2025 ulijaa watu wenye kofia pana na buti ndefu waliokuja kusherehekea siku ya makauboi, Sir Elvis Otieno akiwa miongoni mwa waimbaji. Vijana wa miaka 25 walikuwa wakiimba nyimbo ambazo babu zao walizisikia redioni kutoka kwa Jim Reeves. Kofia zipo, buti zipo, muziki upo. Filamu zilizozaa yote hayo ndizo ambazo vijana hao wanazijua kwa vipande vya sekunde 30 kwenye simu.

Jukwaa la umma lipo

Pendekezo langu halihitaji kujenga chochote. Jumba la Kitaifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1952 na kukarabatiwa upya mwaka 2015, ni mali ya umma. Liko barabara ya Harry Thuku, na gari la Kangemi likishapita Museum Hill mtu anaweza kushuka na kulifikia kwa miguu. Jumapili moja kwa mwezi, alasiri, mtambo wa kidijitali wa kukodi, tiketi ya bei ya sahani ya chapati na maharagwe, filamu moja ya nje na moja ya Kenya kwa zamu. Wizara inayosimamia utamaduni ilipie leseni za mwaka wa kwanza. Serikali imekwisha kutumia fedha za umma kwa mambo yenye faida ndogo kuliko hiyo kwa wananchi.

Nilimwachia mzee achague filamu ya ufunguzi, nikitarajia angemtaja Cooper. Alikataa. High Noon, kwa maoni yake, ni ya watu waliokwisha kuzoea kukaa kimya ukumbini, na watu hao sasa ni wachache. Anataka Sholay, kwa sababu kila mtu ataingia: mke wake ataingia, Mhindi wa duka la ngozi Ngara anakonunua soli ataingia, na wajukuu wataingia kwa ajili ya garimoshi. Nikamkumbusha kwamba inazidi saa tatu. Akahesabu kwa vidole: ikianza saa nane kamili, na mapumziko ya kununua karanga yakiwemo, itaisha kabla ya saa kumi na mbili, na mtu wa Kangemi atakuwa kwake kabla ya giza.